Jiwe la Zambarau Lililopikwa Chunguni Mwangu

Mifupa ilianza kunuka kabla hatujamjua mwenye mifupa. Sisi wa Bigwa tulikuwa na harufu zetu tulizozizoea, moshi, mbuzi, mihogo iliyolowekwa, na upepo wa asubuhi unaoshuka mlimani na baridi yake. Lakini mwaka ule, enzi za Mdachi, reli ikiwa imekwisha kufika mjini Morogoro, ukifungua mlango tu pua inakuambia kuna ng'ombe amekufa, na si mmoja, ni ukoo mzima. Ndipo tukapata habari kwamba katika shamba la mpira lililokuwa bondeni chini yetu kaletwa Mzungu wa kuchoma mifupa, na anayempelekea kikapu cha mifupa anapewa kibaba cha chumvi. Basi watu wakafukua majalala ya babu zao. Mbwa wa Bigwa walikonda hata wakaacha kubweka, wakawa wanakohoa tu.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema mifupa ya kibudu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, ni najisi, mwenye kuibeba na aoge. Watu wakaoga, wakarudi kubeba. Wakristo wa huko juu walileta mingi kuliko sisi, wala hawakuulizwa ilikuwa ya mnyama gani, na wao kwa adabu zao hawakusema. Mimi niliona taya moja ndani ya kikapu ina meno ambayo ng'ombe hana. Nikanyamaza. Chumvi ni chumvi.

Nilikuwa mfinyanzi, kama mama yangu na mama yake. Shimo letu la udongo lilikuwa bondeni, kando ya kijito, hatua chache kutoka mpaka wa shamba la mpira. Lilikuwa la ukoo wetu, na kwetu Waluguru ukoo unapita kwa mama. Mwanamume anakuja, anaoa, analima shamba la mkewe, anakula ugali wake na kushukuru. Mume wangu wa kwanza hakushukuru, akaenda kuoa Kinole, na huko nako nasikia hakushukuru. Lakini huyo simwandiki, hakuhusika na kitu. Anayesema kwa niaba ya ukoo ni mjomba, na mjomba wetu alipenda sana kusema. Udongo wenyewe alikuwa hajaushika tangu azaliwe.

Udongo ule ulikuwa na ulanga ndani yake, vipande vinavyometameta kama magamba ya samaki. Chungu chake unakitoa motoni chekundu, unakimwagia maji, hakipasuki. Kuna udongo mwingine kule Mafiga, lakini ule ni wa kusiribia nyumba. Ukiufinyanga chungu, kinapasuka hata ukikitazama kwa hasira. Kwa hiyo nikisema shimo, msomaji ajue ninasema habari ya kula kwa wanawake kumi na wawili na watoto wao.

Siku moja akaja nyumbani mtumishi wa yule Mzungu, Mnyamwezi mmoja mrefu aliyeanza maisha kama mpagazi, akaishia Morogoro kwa sababu miguu ilimkataa kurudi kwao. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa Mzungu, mchochea tanuri na mkalimani. Wanyamwezi ni watani zetu, kwa hiyo hakubisha hodi. Aliingia, akafunua chungu changu jikoni, akachota mboga kwa kidole.

"Haina chumvi," akasema. "Kijiji kizima kinauza mifupa kwa chumvi, na mboga haina chumvi. Waluguru nyie mnaipeleka wapi?"

"Tunawawekea Wanyamwezi kwenye vidonda vya mabegani," nikamwambia. "Umekuja kula au umepotea? Maana ninyi wapagazi msipoona mzigo kichwani mnadhani mmekufa."

Akacheka, akakaa pasipo kukaribishwa. "Mtani, leo nimekuja kwa heshima. Mtu mwenye mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi namheshimu sana." Hayo ndiyo matusi yao kwetu, kwamba tumezaliwa milimani tukaota miguu ya kufuata mteremko. "Bwana wangu ana shida. Vikombe vyake vyeupe vya kupikia mawe vimevunjika vyote."

"Vimevunjwa na nani?"

Akatazama dari. "Kreti lilianguka."

"Lilijiangusha?"

"Mtani, acha kunihoji kama akida. Bwana anataka vyungu vidogo, kama ngumi, vyenye vifuniko, visivyopasuka katika moto wa kuyeyusha chuma. Nimemwambia nina shemeji."

Tangu lini nikawa shemeji yake, sijui mpaka leo.

Nikaenda kumwona Mzungu mwenyewe. Alikuwa mtu mwembamba, ndevu zimeungua upande mmoja, koti lina matundu kama limeliwa na panya. Matundu yale yalitokana na maji makali aliyokuwa akiumwagia unga wa mifupa. Tone likianguka kwenye kitambaa kitambaa kinakwisha, likianguka kwenye kidole unalia kwa lugha zote. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kutengeneza mbolea ya mpira kutokana na ile mifupa. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine. Alichukua unga wa mifupa uliokwisha kunyweshwa maji makali, akauchanganya na kutu ya chuma, na magadi ya kuuyeyusha tu, akaupika katika moto mkali mpaka ukawa uji, kisha akauacha upoe polepole sana, siku tatu nzima ndani ya majivu, akitumaini kwamba katika kupoa kwake utaota mawe. Hakutaka mawe ya kujengea. Alitaka mawe madogo yenye pande zilizonyooka, ambayo Mungu hajayaumba bado. Mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni mbolea, ananiambia vitu vya namna hiyo huitwa fosfeti. Sisi tuliita mawe ya mifupa, na tukaelewana.

Akaniambia kwa Kiswahili chake kilichokuwa kikichechemea kuliko mimi mteremkoni: "Bibi wa vyungu. Udongo tu. Maji tu. Hakuna dawa, hakuna rangi, hakuna kitu. Safi."

Mnyamwezi akaongeza, kana kwamba sikusikia: "Amesema usitie uchawi wenu."

Hapo ndipo shida ilipoanza, maana kwetu chungu hakitoki uchi. Chungu kikiisha kukauka, kabla ya kuchomwa, mfinyanzi huchukua udongo mweusi wa chemchemi, laini kama masizi, akakipaka ndani kwa kidole cha kati, kuanzia chini kwenda mdomoni, halafu akasugua kwa kokwa mpaka king'ae. Tunaita kukivika chungu. Chungu kisichovikwa kinakunywa mchuzi wako, kinakula mafuta yako, na mwenye nyumba anakonda huku chungu kikinenepa. Ukimpa mtu wa ukoo wako chungu uchi, ni utani. Ukimpa mgeni, umemtukana, na umejitukana wewe na aliyekuzaa. Udongo ule mweusi unatoka mahali pamoja tu, chemchemi ya juu ambako wanaume hawafiki. Kwa nini hawafiki, ni siri ya wanawake, na ukweli ni kwamba siri kubwa ya pale ni kwamba tunakwenda kukaa bila wanaume.

Basi nilipofinyanga vile vyungu sita vya ngumi, nikavitazama vimekaa pale uchi, vinakwenda kwa mgeni, tena Mzungu, nikaona aibu mpaka masikioni. Nikasema atajua nini? Nikavivika vyote, nikaupangusa weusi kwa kitambaa mpaka ukabaki kivuli tu. Nikamwambia Mnyamwezi, "Udongo tu, maji tu." Sikuwa nimesema uongo sana, kwani ule mweusi nao ni udongo.

Mzungu akapika. Siku ya kufukua majivu aliniita, kwa sababu alitaka kuona vyungu vyangu vimepasuka ngapi. Hakikupasuka hata kimoja. Akagonga cha kwanza kwa nyundo ndogo, nami nikaumia, maana hakuna mfinyanzi apendaye sauti ile. Chungu kikafunguka kama yai. Ndani, kwenye uji uliogeuka kioo, kulikuwa na mawe kama punje za mtama, mengine kama maharage, na rangi yake ilikuwa ya zambarau. Ile zambarau ya kula, iliyoiva sana, inayotia watoto ulimi mweusi. Ukiligeuza juani linafanya wekundu, ukiligeuza tena linafanya bluu.

Mzungu aliweka nyundo chini. Alikaa chini kwenye majivu na suruali yake nyeupe.

"Amekufa?" nikamwuliza Mnyamwezi.

"Bado. Akifa, viatu ni vyangu."

Alikuwa ametegemea jiwe la kijani, ndiyo maana. Kwa vitabu vyake, mifupa na kutu vilitakiwa kuzaa kijani, au rangi ya chai. Zambarau haikuandikwa popote. Tangu siku hiyo hakula vizuri. Alikuwa na kigurudumu cha shaba chenye alama ukingoni kama meno ya samaki, na durubini ndogo ubavuni. Alibandika jiwe kwa nta katikati, akazungusha, akachungulia, akasoma namba, akaandika, akazungusha, akachungulia. Alikuwa akipima pembe za zile pande, upande huu umeinama kiasi gani na ule. Pembe moja aliipima mara kumi na mbili, kwa sababu mara ya saba ilitofautiana na nyingine kwa unene wa unywele. Nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia Mnyamwezi, mtu huyu asingeweza kuishi na mume wangu wa kwanza hata siku moja, na yule ndiye angekimbia.

Halafu akaniagiza vidonge vya udongo, mviringo kabisa, vya namna tatu, vikubwa kama chungwa, vya kati kama ndimu, vidogo kama gololi. Akasema ndani ya jiwe, mahali ambapo jicho halifiki, kuna vitu vimepangwa kwa safu, safu juu ya safu, na mpango huo ndio unaolipatia jiwe sura yake kwa nje. Alitaka kuujua mpango. Akaanza kupanga machungwa yangu mezani, juu akaweka mengine, kisha ndimu, na kila akifika safu ya tatu rundo linabomoka, vidonge vinakimbilia chini ya kabati, na Mnyamwezi anatambaa kuvitafuta huku akimlaani mama yangu.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikasema, "Bwana, unapanga kama mtu asiyewahi kuchoma vyungu."

"Nini?"

"Vyungu havikai kichwa juu ya kichwa. Chungu cha juu kinakaa kwenye shimo kati ya vitatu vya chini. Na vile vidogo havipewi nafasi ya peke yake, vinaingia kwenye mapengo ya vikubwa. Hivyo ndivyo moto wetu unavyopangwa, ndiyo maana hauanguki."

Nikampangia. Safu tano, na katika mapengo nikatia gololi. Lilisimama. Yeye akainama, akatazama kwa upande mmoja, akatazama kwa mwingine, akalinganisha mteremko wa rundo na jiwe, halafu akaniangalia kama kuku aliyesema shikamoo. Kisha akaandika. Jina langu sidhani kama aliandika. Hakuwahi kuliuliza.

Wakati sisi tunacheza na machungwa ya udongo, mambo mengine yalikuwa yakipangwa bondeni. Asubuhi moja tulikwenda kuchimba tukakuta vigingi. Vimepigwa kwa mstari ulionyooka, vimepita juu ya kijito, vimelimeza shimo letu lote, vimekwenda kuishia kwenye mashina ya migomba. Shamba la mpira linapanuliwa. Bwana mkubwa wa shamba, anayekaa pwani, angekuja mwisho wa mwezi kutazama, na akiondoka tu jembe linaingia.

Mama yangu alikaa kwenye ukingo wa shimo miguu ikining'inia, akakaa hivyo mpaka jua likapanda. Hakulia. Aliniuliza tu, "Tutafinyanga nini? Mavi?"

Mjomba akavaa kanzu, akaenda kusema. Alisema muda mrefu sana. Alianza na babu wa babu aliyekuja na mkuki, akapita katika njaa zote. Mzungu wa mifupa alimsikiliza mpaka mwisho, na mimi nadhani alisikiliza kwa sababu mikono yake ilikuwa na nta na hakuweza kufunga masikio. Kisha akajibu, na Mnyamwezi akafasiri:

"Anasema shamba si lake. Lakini bwana mkubwa anaipenda mbolea, na anapenda kusifiwa huko Ulaya. Vikombe vya Ulaya vimekwisha. Bila udongo wa pale hakuna vyungu, bila vyungu hakuna jiwe jipya. Jiwe likitoka tena, mengi na makubwa, bwana mkubwa akayaona kwa macho yake, yeye atamwomba aliache shimo nje ya mpaka. Lisipotoka, hana la kusema."

"Litatoka," mjomba akasema, kifua mbele. "Mpwa wangu ndiye anayelitoa." Yeye ambaye hadi siku ile alikuwa akiniuliza kwa nini nashinda kwa Wazungu.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilirudi nyumbani na agizo la vyungu kumi na viwili, na hofu. Nikajiambia: Mzungu huyu anapima unywele mara kumi na mbili, safari hii atachungulia ndani ya vyungu kwa ile durubini, atauona weusi, atasema nimemdanganya, na shimo limekwenda. Bora nimtii. Nikafinyanga vyungu kumi na viwili, vizuri kuliko vyote nilivyowahi kufinyanga, na nikavitoa uchi. Niliona haya, lakini nilivitoa. Mama alivitazama uani, akatema mate upande.

Siku tatu za majivu zikapita. Akagonga cha kwanza. Ndani kulikuwa na kitu cha kijivu kama uji wa jana. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa na vijiwe vichache vya kijani chafu, rangi ile aliyokuwa akiitegemea zamani, na sasa aliitazama kama mtu aliyeletewa mke wa jirani. Alipofika cha kumi na mbili hakugonga kwa nyundo ndogo, alikirusha ukutani.

Akamgeukia Mnyamwezi. Mifupa! Mifupa imechanganywa! Ni ya punda, ya mbwa, ya nini? Alitoa kiboko kilichoning'inia nyuma ya mlango, ambacho sikuwahi kumwona akikishika, na ilionekana hajui hata upande wa kushikia. Mnyamwezi akasimama wima, mikono ubavuni.

"Mtani," akaniambia kwa sauti ya chini, bila kugeuza shingo, "kama una neno, hii ndiyo saa yake. Mgongo wangu umebeba pembe kutoka Tabora, haujazoea kubeba makosa ya Waluguru."

Alikuwa amejua. Mtu aliyepika miaka yote ile, angekosaje kuona kwamba vyungu vya kwanza viling'aa ndani na hivi havikung'aa?

Nikasema. Nilimwambia Mzungu kwamba vile vya kwanza nilivivika, kwamba nilimdanganya kwa sababu ya heshima, na hivi vya pili nimemtii kwa sababu ya woga, na heshima ndiyo iliyozaa jiwe. Mnyamwezi alifasiri akiongeza chumvi yake, nilisikia akinitaja pamoja na ng'ombe.

Mzungu akaweka kiboko chini. Alikuwa mwekundu, akawa mweupe, akawa mwekundu tena. Halafu akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyejikwaa. "Ya tatu," akasema. "Kuna ya tatu!" Maana yake alikuwa amekwisha kuandika Ulaya kwamba jiwe lake limetokana na chokaa ya mifupa na chuma, basi. Kumbe kuna madini ya tatu, na yametoka kwenye kidole changu cha kati.

"Nipeleke," akasema. "Huo mweusi, uko wapi? Twende sasa."

"Hapana, Bwana."

"Hapana?"

"Pale wanaume hawaendi."

"Mimi si mwanamume wa hapa."

"Hilo tumeliona. Hata hivyo hapana. Nitakuletea bonge kama kichwa cha mtoto. Utakalolifanya ni lako. Lakini mahali ni petu, na ukipapigia vigingi na pale, basi jiwe utalipika kwenye kofia yako."

Mnyamwezi akafasiri, na hapa nina hakika kofia hakuitaja. Mzungu alinitazama muda. Nadhani alikuwa akipima pembe. Mwisho akasema, "Lete."

Nikaleta. Alilipika lile bonge, akalinywesha maji makali, likatoa moshi wa kijani unaokaba roho, tukakimbia nje sote watatu, yeye akikohoa na kushangilia. Mjukuu wangu anasema inawezekana ilikuwa manganisi. Inawezekana. Mimi nilivika vyungu kumi na viwili vingine, safari hii bila kupangusa, vyeusi hasa, na siku ya kugonga kila kimoja kilikuwa na mawe ya zambarau, mengine makubwa kama kokwa za maembe. Mama alikuja kuona. Akaliokota moja, akalilamba, akalirudisha. "Halina ladha," akasema.

Bwana mkubwa akafika kutoka pwani akiwa amepanda farasi, na farasi amechoka kwa haki yake. Tulipangwa kibarazani: mjomba na kanzu yake, mama, mimi, na mezani yale mawe juu ya kitambaa cheupe pamoja na rundo la machungwa ya udongo. Mzungu wetu alikuwa ameoga. Alieleza kwa Kidachi, haraka haraka, akigusa jiwe, akigusa rundo. Mnyamwezi alinifasiria sikioni.

"Anamwambia ni jiwe jipya. Dunia nzima halipo. Anamweleza safu... sasa pembe... bado pembe... ah, anakuharibia hapa, angesema ni almasi."

Bwana mkubwa akachukua jiwe, akaligeuza. Akauliza neno moja fupi.

"Anasema, linauzika?"

Mzungu wetu akajibu.

"Anasema hapana."

Swali la pili.

"Anasema, mpira unalila?"

Jibu likawa refu, na ndani yake nikajua hapana nyingine. Bwana mkubwa akalirudisha jiwe kwenye kitambaa kama mtu anayerudisha yai viza. Akacheka, akampigapiga bega Mzungu wetu, akasimama, akaonyesha bondeni kwa fimbo.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Mnyamwezi hakutania. "Anasema Jumatatu jembe liingie."

Tukateremka wote bondeni kwa sababu bwana mkubwa alitaka kuona ardhi yake mpya. Mjomba alifungua mdomo kuanza habari ya babu mwenye mkuki, akaukuta mkavu. Mzungu wetu alitembea nyuma, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika chupa ya maji makali. Nilidhani ameisahau mkononi, maana alikuwa mtu wa kusahau vitu mkononi.

Tulipofika ukingoni mwa shimo, akasema kitu kwa Kidachi, sauti kavu kabisa, ile ya kusomea namba. Akatoa mkono mfukoni, akainama, akafinya konzi ya udongo wetu, akauweka juu ya jiwe bapa, akaumiminia maji makali. Udongo ukachemka. Ukatoa povu jeupe, ukalia shaa, ukapanda kama maziwa yanayofurika. Bwana mkubwa akarudi nyuma hatua mbili. Farasi akarudi nyuma kumi.

"Anamwambia," Mnyamwezi akaninong'oneza, naye sauti yake imebadilika, "anamwambia udongo huu una sumu. Unaunguza mizizi. Mpira ukipandwa hapa utakufa wote, na sumu itashuka na maji mpaka kwenye miti ya zamani."

Mimi nilikuwa nimekaa katika udongo ule tangu nilipokuwa naota meno. Nimeula nilipokuwa na mimba. Nilijua kwamba hauchemki. Nikatazama mkono wa Mzungu, ule uliokuwa mfukoni. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vina unga, chokaa tupu, mpaka kwenye kifundo. Aliniona nikitazama. Akavipangusa polepole kwenye koti lake lenye matundu, akatazama pembeni. Mtu yule aliyekataa kuuamini hata unywele mmoja.

Bwana mkubwa akaongea kwa hasira kidogo, akapiga kigingi teke. Siku ileile vigingi vikang'olewa, vikarudishwa ng'ambo ya kijito, na mjomba alikuwa wa kwanza kuvibeba. Mzungu wetu alipanda zake kwenda nyumbani bila kuagana, na mpaka vita ilipokuja ikamchukua, hatukulisema jambo lile, yeye kwangu wala mimi kwake. Mawe yake aliyapeleka Ulaya. Kama walimwamini huko, sikuambiwa.

Tulibaki pale shimoni, mama, mimi na mjomba. Mjomba alitazama mahali povu lilipokuwa, akashika tumbo.

"Miaka yote hii," akasema, "mmekuwa mkinipikia katika sumu?"

"Ndiyo," mama akamjibu. "Tulikuwa tunangoja ufe, umechelewa."

Akaondoka kwa hasira, akasema hatakula tena kwetu mpaka tununue sufuria. Mama akangoja mpaka mjomba amepotea nyuma ya migomba, akakunja kitenge, akateremka shimoni. Siku ile hatukuwa na haja ya udongo, uani ulikuwa umejaa. Tulichimba hivyo hivyo, mpaka mikono ikauma.